Njia ya Kutokea Penalvinha

Aprili 11
Ofisi ya kata imenipa daftari hili leo, pamoja na kizibao cha kung'aa, filimbi na tochi. Mwenyekiti wetu, Bwana Graciano, amesema niandike humu mambo ya usalama tu. Nitaandika ninavyoona mimi.

Ilikuwa hivi. Serikali inataka kila kijiji cha milimani kiwe na mtu mmoja wa kusimamia habari za moto: kujua hatari iko wapi na watu watatokea wapi. Graciano akauliza mkutanoni, "Nani hapa anaujua kila mlango wa Penalvinha?" Watu wote wakageuka kunitazama. Miaka ishirini na sita nimepita na gari la mikate, nikining'iniza mifuko kwenye vitasa vya milango. Nawajua wanaoamka saa tatu, najua goti la nani limekufa na mbwa wa nani anauma.

Custódio, mfuga mbuzi, akasema kutoka nyuma, "Moto ukija, Zulmira atauuliza unataka mkate wa ngano au wa mahindi."

Ukumbi mzima ulicheka. Nimesaini hata hivyo.

Aprili 15
Amekuja injinia kutoka halmashauri, binti anayeitwa Benedita, viatu vyake vimechakaa kama vyangu. Nikampenda kwa hilo. Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari langu. Kila mahali penye hatari kubwa pamepakwa rangi nyekundu, na kijiji chetu kimezungukwa na wekundu kama jiwe lililotupwa kwenye mvinyo. Mikaratusi juu, misonobari mashariki, vichaka kwenye mashamba ambayo wenyewe wako Ufaransa na hawajashika jembe tangu baba zao wafe.

Sehemu moja tu ilikuwa nyeupe, chini bondeni, kando ya mto.

"Hapa pana nini, Mama Zulmira?"

"Kwa Custódio. Mbuzi wake wamekula mpaka mizizi."

"Natamani kila kijiji kingekuwa na Custódio," akasema. Nikamsaidia kukunja ramani.

Aprili 19
Nyumba zinazokaliwa: 21. Watu 38. Nyumba zilizofungwa 17. Wasioweza kutembea peke yao: watano. Wasiosikia: mmoja, Hermínio fundi viatu.

Tunakagua nyumba moja baada ya nyingine. Kuni zimeegemea ukuta? Mtungi wa gesi uko wapi? Majani makavu yamejaa kwenye mfereji wa paa? Benedita amenifundisha kuutazama mteremko kabla ya nyumba, kwa sababu moto unapopanda mlima hukimbia, na unaposhuka hutembea. Nyumba yangu mwenyewe imepata alama ya njano kwa ajili ya rundo la kuni nililolipanga vizuri kabisa chini ya dirisha. Nimelihamisha jioni hii huku nikinung'unika.

Aprili 29
Leo tumeitembea barabara ya lami, kilomita kumi na moja hadi mjini. Ndiyo njia iliyoandikwa kwenye mpango wa halmashauri. Mimi huiendesha kila alfajiri, lakini kwa miguu inaonekana nyingine kabisa. Kwenye kona ya tatu kuna kingo mbili za udongo, huku na huku, ndefu kuliko lori, mikaratusi imekutana juu kama dari, na magome yake makavu yananing'inia kama nguo zilizoraruka. Hakuna pa kugeuzia gari.

Nilisimama katikati nikamwambia Benedita, "Mimi watu wangu siwapitishi hapa."

Akaandika. Kisha akauliza, "Kuna njia nyingine?"

Ipo. Njia ya zamani ya mikokoteni, inashuka kutoka nyuma ya kanisa hadi bondeni mtoni, pale peupe kwenye ramani. Dakika kumi kwa mguu mzima. Ila Custódio aliiziba kwa ukuta wa mawe miaka kumi na minne iliyopita, na sababu yake ni marehemu mume wangu.

Mei 3
Mvua. Mkate wa mahindi umeisha kabla sijafika mtaa wa juu.

Mei 12
Nimekwenda kwa Custódio. Nilimkuta anakamua.

Niandike yote, maana atakayesoma hajui. Miaka kumi na minne iliyopita Custódio alichoma majani shambani kwake siku ya upepo. Moto ukamponyoka, ukala mlima mzima na mizinga ya nyuki ya watu sita. Albano wangu ndiye aliyemtaja kwa askari. Custódio akashtakiwa, na tangu hapo watoto humwita Kiberiti. Akajenga ukuta. Mkate wake nautundika kwenye nguzo ya lango, hatusalimiani.

Nikamwambia, "Custódio, nahitaji njia ifunguliwe. Kwa ajili ya kijiji."

Hakuinua kichwa. "Kijiji kipi? Kile kinachoniita Kiberiti?"

"Kuna wazee watano hawawezi kutembea."

"Mjane wa Albano ananifundisha habari za moto," akamwambia mbuzi. "Umesikia, bibie? Kaa kimya, usije ukashtakiwa."

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira hadi nikagonga pipa la maji la Graciano nikirudi nyuma.

Mei 20
Leo zamu ya Mwalimu Perpétua, nyumba ya mwisho juu. Ana miaka tisini na moja. Alitufundisha sote kusoma, mimi, Custódio, Graciano, wote.

"Moto ukija nitakufa kitandani mwangu," akasema. "Kwanza nani atanibeba? Wewe? Mgongo huo?"

"Watu wanne na kiti, Mwalimu."

"Wanaume wanne wazima hawapo kijiji hiki. Nimewafundisha wote, nawajua."

Nimeandika: hataki. Rangi nyekundu.

Juni 8
Zoezi la kwanza la kuhama, kwa barabara ya lami kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Afadhali niseme ukweli: aibu tupu. Dakika hamsini na mbili mpaka watu waingie kwenye magari. Bibi mmoja alikuja na godoro. Graciano alirudi nyumbani mara mbili, mara ya pili kufunga dirisha. Mwalimu Perpétua alitupungia mkono kutoka barazani kama tunakwenda harusini.

Halafu kwenye kona ya tatu tukakutana uso kwa uso na lori la magogo. Magari kumi na manne. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma, hakuna aliyeweza kupita. Mwanzoni watu walicheka. Halafu mtu mmoja akatazama juu, kwenye yale magome, na kicheko kikakatika chenyewe. Tulikaa pale dakika thelathini na tano bila moto wowote, na watu waliteremka wakiwa wameloa jasho.

Nilimwona Custódio juu ya mlima na mbuzi zake, ameegemea fimbo, anatutazama.

Juni 9
Asubuhi nilipofika kwenye lango lake alikuwa amesimama hapo. Akaupokea mkate mkononi mwangu. Sikumbuki mara ya mwisho.

"Niliwaona jana," akasema.

"Uliona nini?"

"Niliona maiti kwenye magari."

Nikazima injini.

"Mwaka ule," akasema, "Albano hakusema uongo. Ni mimi. Nilijua kuna upepo, nikasema ah, nitawahi. Sikuwahi. Niliukimbiza na tawi mkononi mpaka nyusi zikaungua. Unadhani kwa nini nafuga mbuzi mia na ishirini na mimi naishi peke yangu? Jibini lile lote nakula mimi? Miaka kumi na minne nawalisha mteremko ule ili usiungue tena. Hakuna aliyeniuliza."

Mimi nilidhani ni ubahili wa malisho. Kila siku nimepita pale, nimejiona mtu ninayejua kila mlango, na huyu sikumjua.

"Njoo na nyundo kesho," akasema. "Lakini sitaki hotuba."

Juni 10
Ukuta umevunjwa. Walikuja watu kumi na tisa, wengine na mitaimbo, wengine na mdomo tu. Custódio ndiye aliyeng'oa jiwe la kwanza. Graciano akafungua mdomo kuanza hotuba, nikamkanyaga mguu.

Juni 23
Zoezi la pili, kwa njia ya bondeni. Dakika thelathini na moja. Nimegawa kijiji mitaa minne, kila mtaa na kiongozi wake. Atakayetoka wa mwisho nyumbani anafunga mlango na kutundika kitambaa cheupe, maana yake humu hamna mtu. Benedita amekuja na saa, amepima upana wa ile nyasi fupi ya malisho ya Custódio, akasema watu mia mbili wanaweza kusimama katikati na joto lisiwafikie. Ameibadilisha ramani ya halmashauri kwa kalamu yake mwenyewe, mbele yangu.

Mwalimu bado hataki.

Julai 7
Dakika ishirini na mbili!

Julai 19
Nyuzi thelathini na tisa. Mbwa hawabweki.

Agosti 2
Wamekuja. Kila Agosti ni hivi: walio Ufaransa na Uswisi wanarudi, nyumba zilizofungwa zinafunguka, kijiji kinapumua. Na orodha yangu ya watu 38 imekuwa karatasi ya kufungia samaki. Nimeanza upya, mlango kwa mlango, kalamu sikioni.

Mpwa wangu Rogério amekuja kutoka Lyon na gari jeusi kubwa na watoto watatu. Nikamweleza habari za bondeni.

"Shangazi, na gari hili? Dakika nane niko mjini. Unataka nikashinde na mbuzi?"

"Nataka ushinde hai."

"Haya, kamanda," akanipigia saluti. Watoto wakacheka, nami nikacheka, lakini sikupenda.

Agosti 9
Zoezi la tatu. Nusu ya wageni walikuwa wanaogelea mtoni. Ila wenyeji wangu, wale 38 kasoro Mwalimu, dakika kumi na tisa. Wazee wenye magongo wamewapita vijana wenye viatu vya kukimbilia. Nalala nikiwa nimevimba kichwa.

Agosti 14
Upepo umegeuka, unatoka mashariki. Nyuzi arobaini na moja. Kesho ni sikukuu ya Bikira, maandamano saa kumi. Watu 113.

Agosti 17
Mkono umeungua kidogo, lakini naweza kuandika. Naandika ya juzi.

Saa nane na dakika ishirini mchana nilikuwa napanga maua kanisani. Mwanga wa dirishani ukawa wa rangi ya chai. Nikatoka. Nyuma ya mlima wa mashariki moshi ulikuwa umesimama, mnene, kahawia, na juu umelalia upande wetu. Nikawapigia zimamoto. Sauti ya msichana ikaniambia kuna mioto mingine mitatu, gari la karibu liko umbali wa saa nzima. Nikatazama mlima tena. Hatukuwa na saa nzima.

Sikumwuliza mtu. Nikavuta kamba ya kengele, kisha nikaingia kwenye gari langu nikapita mitaa nikiwa nimelalia honi. Na watu wangu wakatoka! Sitasahau maisha yangu yote. Bibi wa godoro alitoka na chupa ya maji na gongo, mlango kafunga, kitambaa katundika. Hakuna aliyeuliza ni zoezi au si zoezi.

Taabu ilikuwa magari. Rogério alikuwa ameshapakia watoto, na nyuma yake mengine sita yananguruma kuelekea barabara ya lami. Niliwapita kando ya chemchemi, nikafika pale barabara inapobanwa na nyumba mbili za mwisho, nikalikata gari langu katikati, nikazima, nikatia ufunguo kifuani.

Rogério akashuka, jasho tupu. "Shangazi, ondoa hilo gari! Nina watoto humu!"

"Ndiyo maana siondoi."

"Umeingiwa na wazimu? Dakika nane tu!"

"Nimeitembea barabara hii kwa miguu, Rogério. Wewe umeipita na kiyoyozi. Kona ya tatu hamtoki."

Aliuinua mkono. Nilidhani atanipiga, na naamini yeye pia alidhani hivyo. Binti yake mdogo ndiye aliyefungua mlango, akashuka, akasema, "Baba, bibi wote wanaelekea kule." Na kweli, mstari mzima wa wazee ulikuwa unapita nyuma yetu kuelekea kanisani, taratibu, bila kelele, kama ule wa maandamano tuliokuwa tumeuandaa. Rogério akawatazama. Mkono ukashuka. Akambeba yule mdogo, na wale wengine wakaacha magari milango wazi.

Nikakimbia juu kwa Mwalimu Perpétua. Custódio alikuwa ameshafika na vijana watatu na kiti. Mwalimu alikuwa kitandani, amevaa nguo yake nyeusi ya sikukuu, mikono imefungwa kifuani.

"Nendeni," akasema. "Nimeshasema."

Nilitaka kumbembeleza. Custódio akanisogeza, akavua kofia, akasimama wima mbele yake kama mtoto wa darasa la pili.

"Mwalimu, kengele imelia. Wanafunzi wote wako mstarini. Hakuna wa kuita majina."

Mwalimu akainuka kwa kiwiko. Cheche ya kwanza ilianguka barazani. "Orodha ipo?" akauliza.

Nikamwonyesha karatasi yangu.

"Mwandiko mbaya kama zamani," akasema, na akanyoosha mikono abebwe.

Bondeni, katikati ya ile nyasi fupi, akawekwa kwenye kiti chake, akavaa miwani, akaanza kuita. Mlio wa moto ulikuwa umefika, kama malori yanayopanda mlima bila kufika. Sauti yake ilipita juu ya huo mlio. Mmoja mmoja waliitika, "Nipo!" Watu wazima, mabosi wa huko Uswisi, "Nipo, Mwalimu!"

"Hermínio Taveira."

Hasikii, tukautafuta mkono wake; haukuinuka.

"Hermínio Taveira!"

Nyumba yake ilikuwa na kitambaa cheupe. Kiongozi wa mtaa, mwanamke mzuri, mwaminifu, akaanza kulia: aliingia vyumba vyote, hakumwona, akakitundika. Nami nikajua kosa ni langu. Niliandika kwenye orodha kwamba Hermínio hasikii. Sikuandika kwamba siku za joto hushuka kulala kwenye ghala la mvinyo chini ya nyumba.

"Na Custódio yuko wapi?" mtu akauliza.

Custódio alikuwa kwenye njia, anapanda, blanketi lililoloa kichwani. Yeye na Hermínio hunywa pamoja katika ghala lile, alijua. Nikamfuata mpaka nyuma ya kanisa, na hapo joto likanisukuma, ndipo mkono ulipoungua. Sijui niliita mara ngapi. Moshi ulikuwa unapita chini kama maji. Kisha nikasikia mtu anatukana, tusi refu la kilevi, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Custódio alikuwa anamvuta Hermínio kwa mkanda wa suruali, na Hermínio anauliza kwa nini ameamshwa.

Moto ulifika ukingoni mwa malisho saa tisa na dakika tano. Niliuona kwa macho yangu: ulikuja mrefu kuliko mnara wa kanisa, ukaikuta nyasi ya mbuzi, ukainama. Ukatafuta. Ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukatuzunguka. Tulilala chini ya mablanketi ya akiba yaliyoloweshwa mtoni, tukizima cheche kwa viganja, kwa muda unaofika dakika arobaini. Mwalimu alikataa kulala, akafunikwa na blanketi palepale kitini. Kisha mlio ukahamia bonde la pili.

Akavua blanketi, akasema, "Tunarudia." Akaanza orodha tangu mwanzo. Watu mia na kumi na tatu. Wote waliitika.

Agosti 18
Nyumba tisa zimeungua. Gari langu limebaki chuma. Rogério alikwenda kwa miguu hadi kona ya tatu, peke yake. Aliporudi alikaa kwenye ngazi yangu. Baadaye akasema, "Shangazi, lami imeyeyuka." Nikampa supu.

Agosti 25
Mkate natembeza kwa toroli. Rogério ndiye anayelisukuma.

Septemba 14
Mvua ya kwanza. Mlima umenuka jivu lililoloa, na watu walitoka wakasimama nje kuloa tu. Benedita alikuwa hapa na ramani mpya. Kwenye ile njia ya bondeni aliuliza aandike jina gani. Watoto walijibu kabla yangu: Njia ya Custódio. Hawajamwita Kiberiti tangu Agosti. Yeye alikuwa anasikia, akajifanya anamtafuta mbuzi.

Mwalimu Perpétua ameniitisha. Anataka orodha iandikwe upya kwa mwandiko unaosomeka, na pembeni ya kila jina iandikwe mtu hulala wapi, kiangazi na masika. Tumekaa siku mbili. Nimeonyeshwa herufi "r" upya nikiwa na miaka sitini na moja.

Oktoba 6
Kijiji cha ng'ambo ya mto, Lourosinho, wametuita mimi na Custódio. Watu kama ishirini ukumbini, mikono wamefunga. Mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Injinia tumemwona, hatukumwelewa. Sasa wametuletea muuza mkate."

Nilitaka kucheka, nilishazoea. Lakini Custódio, ambaye hapendi hotuba, akasimama.

"Huyu," akasema, "alisimama mbele ya magari saba akiwa na gari moja tu la mikate. Watu mia na kumi na tatu, mzee. Mimi nikiwemo. Ukitaka mwingine wa kukufundisha, subiri aje."

Akaketi, masikio mekundu. Kule mbele yule mzee akasogeza kiti chake, akaning'iniza kofia gotini, akasema, "Haya, mama. Tunaanzia wapi?"

Nikafungua karatasi nyeupe juu ya meza.

"Tunaanza na asiyeweza kutembea," nikasema. "Anakaa nyumba ipi?"